Wewe Fika Tu

Nilikuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Lodwar, buti zimejaa mchanga wa wiki mbili za kutengeneza pampu za visima, wakati mke wangu aliponipigia simu kuuliza kama nimekula. Hilo peke yake halikunishtua. Baada ya dakika tano dada yangu akapiga kutoka Rongai: nimekula? Ndege ni saa ngapi? Kisha mzee wa kanisa letu, ambaye hunipigia tu akitaka kunikaripia kwa kukosa kikao cha kamati, akaniuliza kwa upole mwingi kama naendelea vizuri. Hapo nikajua kuna jambo.

Nikampigia mke wangu. "Ni mama?"

"Wewe fika tu salama. Tutaongea ukifika."

Kwetu mtu aliye njiani hapewi habari mbaya. Eti ataanguka, au atamfokea dereva, au atapatwa na presha mahali asipojulikana. Basi anaulizwa kama amekula. Naijua desturi hiyo vizuri kwa sababu niliwahi kuitumia mimi mwenyewe. Baba alipozidiwa, kaka yangu mkubwa alikuwa anakuja nyumbani kutoka Nairobi, na mimi ndiye niliyemwambia kwenye simu, "Mzee yuko sawa, usikimbize gari." Akaniamini. Akasimama Gilgil, akaagiza mbuzi choma na chai, akala bila haraka. Alipofika nyumbani Bahati, tulikuwa tumeshamfunika baba uso.

Hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu. Tangu siku hiyo tulisalimiana Krismasi na kwenye harusi za watu, basi. Mimi nilijiambia kwamba nilifanya kama inavyotakiwa, na kwamba yeye ana kinyongo cha bure. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sasa nilikuwa nimesimama kwenye jua la Lodwar nikiwachukia wote walioniuliza kama nimekula.

Tukaitwa tupande. Nilikuwa nimeshafunga mkanda, kidole kiko tayari kuzima simu, ilipolia tena. Alikuwa kaka yangu. Nikadhani naye anataka kuniuliza kuhusu chakula, na nikajua ningestahili.

"Sikia," alisema, bila salamu. "Mama alianguka jana shambani. Ni moyo. Tuko naye hosi hapa Nakuru, na maneno ya daktari si mazuri. Wamenikataza kukuambia. Kama kuna kukimbia, kimbia."

Mhudumu aliniamuru nizime simu. Nikazima kabla sijamjibu kaka yangu hata neno moja.

Sijawahi kuogopa vile. Ndege ilifuata bonde kuelekea kusini, na baada ya muda nikaliona shimo la volkano la Menengai, halafu Ziwa Nakuru, na kati ya hayo mawili mabati ya mji wetu yakimetameta. Mama yangu alikuwa chini ya mojawapo ya yale mabati. Karibu nimwambie mhudumu anishushe hapo hapo, kama abiria wa basi. Tukampita. Tukaenda mpaka Nairobi ili nianze kurudi.

Nilikodi teksi. Kila tulipokwama nyuma ya lori nilikanyaga sakafu kana kwamba breki na mafuta viko upande wangu. Sikuwasha simu. Kama mama alikuwa amekwisha kwenda, sikutaka kuambiwa barabarani, na hapo ndipo nilipoielewa desturi yetu, nikaichukia pia.

"Boss, tushike chai hapa Gilgil?" dereva aliuliza. "Mbuzi yao ni safi."

"Usisimame," nilimwambia. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu alikanyaga mafuta mpaka Nakuru.

Kaka yangu alikuwa kwenye geti la hospitali. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimepita, lakini alikuwa amembembeleza askari mpaka akakubali. Nilimtazama usoni.

"Bado yuko," alisema. "Twende."

Mama alikuwa amepungua sana kitandani, paji la uso limejaa jasho. Nilimshika mkono. Akafumbua macho, akanitafuta kwa muda, akanipata.

"Umekula?"

Sikuwa nimeonja kitu tangu alfajiri. "Ndiyo, mama," nilisema. "Nimeshiba."

"Hajakula," kaka yangu alisema nyuma yangu. "Usimwamini huyu, mama. Mimi namjua."

Mama alicheka kidogo, kifua kikamuuma. Mimi nililia hapo mbele ya manesi, na kaka yangu akaniwekea mkono begani, akauacha hapo.