Nambari Kumi kwenye Ukuta wa Odero

Siku hizi nikipita soko la Kibuye huwa nashusha kofia mpaka kwenye nyusi, na si jua linalonisumbua, ni ukuta. Nyuma ya wauza viatu kuna kibanda cha gemu cha rafiki yangu Odero, na kwenye ukuta wake wa mbele kuna orodha niliyoichora mwenyewe, na kila anayenijua akiiona anacheka mpaka anatafuta pa kujishikilia. Nimeona aibu nyingi maishani (niliwahi kuchanganya oda mbili nikaandika "Karibu Nyumbani mwa Bwana" juu ya mlango wa baa) lakini hii imezipita zote. Acha niwasimulie mimi mwenyewe, maana watu wanaongeza chumvi, eti nilikimbia bila viatu, wakati kimoja nilikuwa nacho.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Ukiona samaki amechorwa kwenye hoteli fulani mjini akiwa na kope ndefu, ni wangu huyo. Sasa Odero aliniomba nimchoree ukutani orodha yenye kichwa "Gemu Kumi Lazima Ucheze Kabla Hujazeeka," na kwa sababu yeye ni mtu wa kushauriana akaipeleka kwanza kwenye grupu yetu ya simu, wateja wote tupige kura. Tisa tulikubaliana bila matusi mengi: ya mpira juu kabisa (hapo hakuna aliyethubutu kubisha), ya masumbwi, ya vita mbili, ya pikipiki, na kadhalika. Ugomvi ulikuwa kwenye nambari kumi. Mimi nilitaka ile ya magari ya mashindano kwenye mvua, na sitawaficha, niliitaka kwa sababu Kibuye nzima hakuna aliyewahi kunishinda kwa hiyo gemu.

Basi akatokea mtu hatumjui (Odero huingiza kwenye grupu kila anayechaji simu kwake), hana jina, picha yake ni ya kuku mwekundu, akaandika: "Nambari kumi ni nyoka. Ile ya simu ya vibonyezo."

Tulimcheka vibaya sana. Mimi nilimwandikia kwamba nyoka si gemu, ni dawa ya usingizi. Kuku akajibu kwa utulivu: "Gari yenu ikigonga mnaanza tena kama hakuna kitu imefanyika. Nyoka akijiuma, ni wewe umemuuma. Hiyo ndio gemu." Yaani ilikuwa hoja nzito, na ndiyo maana nilikasirika. Siku tatu tukajibizana, mimi na Kuku, na nilianza kuona watu wanamwekea Kuku vidole gumba, hata Odero mwenyewe.

Sasa uamuzi mdogo ulioniponza ni huu. Nilikuwa juu ya ngazi nikichora bango la bucha, mkono mmoja una brashi, nikaona kuandika ni kazi, wacha nirekodi sauti. Ningeandika, pengine ningefuta. Sauti ukishaiachilia imekwenda, na yangu ilikwenda hivi, kwa mbwembwe zote: "Wewe Kuku, brashi ni yangu, na nyoka sichori! Kama unajiamini kuja Jumapili saa nane kwa Odero, tukae benchi moja, mimi na wewe, raundi mbili, gari na nyoka. Ukinishinda nyoka, nachora. Nikikushinda, unanipikia kuku, na utakaa hapo mbele yangu uniangalie nikila mpaka paja ya mwisho!"

Kuku alijibu neno moja: "Nakuja."

Hapo lazima niwaambie kitu kingine kilichokuwa kinaendelea maishani mwangu. Jumamosi iliyofuata hiyo Jumapili nilikuwa na safari ya Katito, mimi na wazee wangu, nyumbani kwa mchumba wangu Awuor. Ndiyo siku mama wa msichana anaulizwa kama amekubali, naye anajibu "ayie," nimekubali, na asipolitamka hilo neno hakuna harusi, rudi nyumbani na wazee wako. Mama mwenyewe sikuwa nimemwona, na kwetu Wajaluo hata ukimwona unamheshimu kwa mbali. Huketi naye kiti kimoja, hutafuni mbele yake, hupigi naye porojo. Nilikuwa naiogopa hiyo Jumamosi mpaka nilikuwa naota nimesahau jina langu mbele ya wazee.

Awuor aliniomba Jumapili hiyo hiyo nimsindikize Kibuye tutafute shati langu la siku ile. Nikamwambia niko kazini. (Najua. Msinitazame hivyo.)

Jumapili kibanda kilifurika. Watu wamesimama mpaka mlangoni, mimi nimekaa kwenye benchi la mbele nimevua kiatu kimoja, ndiyo bahati yangu nikicheza, nimeshika padi ya kuchezea gemu kwa mikono miwili nikipasha vidole moto. Akaingia mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, mfuko wa mitumba begani. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, kuchaji simu ni kwa Odero pale kwa kona."

"Sikuja kuchaji," akasema. "Mimi ndiye Kuku."

Kibanda kililipuka. Odero alipiga kelele "Yawa!" mpaka wauza viatu wakaja kuchungulia. Mimi nilisikia masikio yakipata moto, maana nilikumbuka yale maneno ya paja, na nilitaka kuomba msamaha, ila watu walikuwa wanaimba "Benchi moja! Benchi moja!" na mama ameshaweka mfuko chini na kuketi kwenye ncha ya pili ya benchi, ametulia kabisa.

Raundi ya gari nilishinda, sitadanganya. Mama aliuliza breki iko wapi, akaipata, na baada ya hapo hakuiachia. Halafu ikaja nyoka. Odero aliniazima simu yake ya vibonyezo, mama akaacha ile ya grupu akatoa yake ya pili mfukoni, imefungwa kwa raba, vibonyezo vimefutika namba zote. Tukaanza. Nyoka wangu alijiuma hata jasho halijatoka. Wa mama akaendelea kurefuka, tik, tik, tik, na mama haangalii hata sana, ananihoji.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Kuchora mabango, Mama."

"Pombe?"

"Aka, Mama. Soda tu."

"Na hii gemu utacheza mpaka lini?"

Hapo ningenyamaza tu ningepona. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na mimi nikiwa na wasikilizaji huwa sijui kufunga mdomo. Nikasema, "Mama, mimi naoa. Jumamosi naenda Katito kwa wakwe. Naambiwa mama ya msichana ni mkali kama pilipili, lakini wamama kama hao mimi nawajua, unawapaka maneno matamu kidogo wanalainika." Watu wakacheka. Mama pia akacheka, tena alicheka vizuri, nikaona tumekuwa marafiki. Nyoka wake sasa alikuwa amejaza nusu ya kioo.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. "Mama, nimekutafuta soko mzima! Si ulisema unachaji simu tu?"

Nikageuka. Alikuwa Awuor, na mkononi ameshika shati jeupe la mwanaume, saizi yangu.

"Okoth?" akasema. "Si uko kazini?"

Nilimwangalia Awuor, nikamwangalia mama, nikarudi kwa Awuor. Pua ni ile ile. (Baadaye Awuor alinikumbusha kwamba alishaniambia mama yake huja Kibuye kila Jumapili kununua mitumba ya kuuza Katito. Alishaniambia kweli, lakini siku hiyo nilikuwa nimeshika padi.) Kichwani nilisikia kitu kimoja tu, sauti ya marehemu babu ikisema toka kwenye hilo benchi, toka sasa hivi, huyo ni maro wako, mama mkwe! Nikaruka kama niliyekalia jiko.

Sasa mnajua benchi refu lenye miguu karibu na katikati. Upande mmoja ukiruka, upande wa pili unashuka. Mama mkwe alishuka. Kwa heshima niliyokuwa nampa, nilimbwaga chini mbele ya Kibuye yote, miguu juu, kitambaa cha kichwa kimefunika jicho moja, na mkono mmoja tu umebaki hewani umeshika simu, naye anapaza sauti, "Msiniguse! Msiniguse! Nyoka bado anatembea!"

Nilikimbia. Niliruka mafungu ya vitunguu, nikapita katikati ya nguo za watoto, kiatu kimoja mguuni, na waya wa padi umejizungusha kwenye ule mguu mwingine, padi inanifuata ikiruka ruka kwenye kokoto, na nyuma Odero analia, "Okoth, rudisha padi! Omera, oa ama usioe, lakini rudisha padi!"

Siku nne Awuor hakushika simu, na hizo siku nne sikula vizuri, sikuchora vizuri, nilijua nimempoteza mwanamke ninayempenda kwa sababu ya gemu. Ya tano akaniandikia: "Kuja Jumamosi. Vaa viatu mbili."

Tulikwenda. Sebule ya Katito ilijaa wazee, wanawake wakiwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, na mjomba wake Awuor ndiye aliyekuwa msemaji. Akaeleza kilichotuleta, akageukia pazia, akauliza, "Mama Awuor, wageni umewaona. Unasemaje?"

Baba yangu mdogo akakohoa. Shati jeupe likanishika mgongoni.

"Kabla sijajibu," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "huyo kijana aseme nambari kumi ni gani."

Wazee wakatazamana. Baba mdogo akaninong'oneza, "Anataka namba ya simu?"

"Ni nyoka, Mama," nikasema.

"Wazee hawajasikia."

Nikasimama (nilichungulia kwanza kama kuna mtu ncha ya pili ya benchi), nikapaza sauti mbele ya koo mbili, "Nambari kumi ni gemu ya nyoka!"

"Ayie!"

Vigelegele vilipasuka nyuma ya pazia, na mimi nilicheka huku machozi yanatoka, sijawahi kufurahi hivyo. Kuku aliletwa, nikala paja, na namshukuru Mungu kwamba pazia lilikuwa nene.

Awuor aliniambia baadaye kwamba mama yake alinijua tangu siku ya kwanza, kwa picha yangu kwenye grupu. Na wazee walipomuuliza siku ile mbona alikubali benchi, alijibu kwamba kabla ya neno lake nilikuwa kijana wa watu tu, na yeye alitaka kuniona nikishindwa, maana mtu akishinda hajulikani. Lakini sasa, akasema, mimi ni mkwe, na benchi moja haifai tena. Hapo mjomba akauliza, kwa uzito kabisa, je, grupu ya simu nayo ni benchi moja au si benchi? Wazee walijadili hilo zaidi kuliko sisi tulivyojadili orodha nzima. Hukumu ikatoka: ni benchi. Mmoja lazima ainuke.

Niliinuka mimi, nikajitoa kwenye grupu. Jumatatu nilichora nyoka ukutani, mrefu, anatabasamu, na mtu yeyote asiniulize kwa nini ana kope. Nasikia mama sasa anasema gemu yangu ya magari haifai hata nambari ishirini, na wote wamemwekea vidole gumba, na mimi siwezi kujibu. Nimeapa sitamwita mtu tena kwenye benchi kabla sijajua ni mama wa nani. Na popote nikiketi na mtu sasa, kanisani, hospitalini, popote, sisimami kabla sijamwambia, "Samahani, shika benchi."