Shule Inaanzia Wapi

Fausta alikuwa na cherehani ya miguu, mtoto mmoja, na kibaraza ambacho hakikuwa chake. Kibaraza kilikuwa cha Abdulrahim, muuza vitenge aliyekuja Tunduma kutoka Kondoa na begi moja, akaishia kuwa na duka linalotazamana na barabara ya malori. Fausta alipofika kutoka Igamba, Lusungu bado yuko mgongoni, wawili hao walipatana wakiwa wamesimama, kila mtu na haraka zake.

"Kaa hapo ushone," Abdulrahim alisema. "Asubuhi utanifagilia, na nguo za nyumbani kwangu utazishona wewe. Kaa mpaka huyo mtoto aanze shule."

"Ahsante, Baba Naila."

Yakaisha. Haikuandikwa hata nukta.

Na mambo yakaenda vizuri. Mteja akinunua kitenge dukani, akigeuka tu, fundi huyu hapa. Wanawake wa Nakonde, upande wa Zambia, walivuka mpaka asubuhi, wakapimwa, wakaingia sokoni, na wakirudi wanakuta gauni linawasubiri. Lusungu alitambaa pale, akasimama pale, akaanza kujibu wateja pale pale.

Mwaka 2012 wakaja watu wa simu, wa kutuma na kupokea hela, wakitafuta vibaraza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mmoja akampata Abdulrahim.

"Mama Lusungu, mwezi ujao nipishe. Pana mtu wa simu."

"Si tulipatana, Baba Naila?"

"Tulipatana wapi? Una karatasi?"

Hakuwa nayo. Wenzake wakamwambia bila karatasi umeliwa, funga virago. Lakini afunge aende wapi? Vichochoro vya nyuma ya soko mnunuzi wa kitenge hafiki, na mtoto hana pa kushinda. Ingebidi Lusungu arudishwe Igamba kwa bibi yake, awe anamwona mama siku za sikukuu. Hilo ndilo lililomnyanyua Fausta hadi baraza la kata.

Mwenyekiti, Mzee Nathanaeli, alimuuliza kama mkataba upo.

"Upo. Wa mdomo."

"Wa mdomo ni upepo, Mwenyekiti," Abdulrahim akadakia.

"Si upepo," mzee akasema. "Watu wazima wamekubaliana kwa hiari, kila mmoja ana anachotoa na anachopata, huo ni mkataba. Iko ambayo sheria inataka iandikwe, kama ya kuuza ardhi. Huu wenu hata mdomo unatosha. Kazi ni kuuthibitisha. Mama, nani alisikia mkipatana?"

"Huyu mwanangu, lakini alikuwa amelala mgongoni."

Watu wakacheka, hata mzee.

"Basi tutazame matendo. Baada ya pale mlifanya nini?"

Fausta akasema anafagia kila asubuhi. Cherehani yake inalala ndani ya duka. Kanzu aliyovaa Abdulrahim kaishona yeye, na bei haikuwahi kutajwa.

"Ujirani mwema tu huo," Abdulrahim akasema.

"Kwa hiyo hukumwambia akae?"

"Sikumwambia."

"Ulisema nikae mpaka mtoto aanze shule," Fausta akasema taratibu.

Abdulrahim akafura. "Na si ameanza? Sare naiona kila asubuhi. Nilisema aanze shule, kaanza, sasa anataka nini tena?"

Mzee Nathanaeli akaweka kalamu mezani. "Ahsante, Baba Naila. Tulikuwa tunatafuta shahidi."

"Mkataba upo," mzee akaendelea. "Imebaki tujue unaishia wapi. Mpaka ni mpaka, uwe wa Zambia uwe wa maneno."

"Mwanangu yuko vidudu," Fausta akasema. "Chekechea. Vidudu si shule."

"Kuna mwalimu, kuna kengele, kuna sare. Sasa ni nini, kilabu?" Abdulrahim akauliza.

Hapo mke wa Abdulrahim, Mwanaisha, akajitanda ushungi vizuri. "Baba Naila, Sufiani wetu yuko vidudu hivyo hivyo. Juzi shangazi yake alipopiga simu kumuulizia, ulimjibu nini?"

"Mambo ya nyumbani hayo."

"Ulimjibu, 'Bado hajaanza shule, anakwenda kuimbaimba tu.' Nilikuwepo."

Cheko lilichukua muda kutulia. Mzee akauliza kama kuna mtu pale anayehesabu kuanza shule kabla ya darasa la kwanza. Hakuna aliyenyanyua mkono. Abdulrahim mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake. Mwishowe akasema haya, akae mpaka darasa la kwanza.

Wakiwa njiani kurudi alimwambia, "Umenitoa jasho, Mama Lusungu."

"Umejitoa mwenyewe, Baba Naila."

Kesho yake, kabla ya kufungua cherehani, Fausta aliwaita Mwanaisha na muuza vitumbua wa jirani. Akamwomba Abdulrahim ayarudie maneno yote mbele yao. Akayarudia huku amenuna, akachomeka na kazi ya kushona pazia la duka.

"Pazia halikuwemo," Fausta akasema.

"Halikuwemo," Mwanaisha akaitikia.

Likaondolewa. Mchana Lusungu akarudi na sare yake imejaa vumbi, akajilaza juu ya vipande vya vitenge chini ya meza. Mama yake akavuta kiti, akaweka mguu, sindano ikaanza kukimbia.