Damari, Fisi na Koti la Baba Mkwe

Watu husema Damari alianzisha kikundi cha michezo ya watoto pale Mwanjelwa kwa sababu hakuwa na kazi ya kufanya. Uongo mtupu! Alilima viazi, alifuma masweta, na jioni alitukusanya kwenye darasa la kanisa akatugeuza sungura, fisi na tembo. Mimi Yudith nilikuwa sungura, tena sungura hodari, asikudanganye mtu.

Mwaka 1956 wazee wa kanisa wakachachamaa. Watoto wa Kikristo kutembea kwa miguu minne, huo si upagani? Mwenyekiti wao, Mzee Andendekisye, akasema atakuja kutazama mwenyewe. Akiona upuuzi, kikundi kinavunjwa siku hiyohiyo.

Sasa balaa lilikuwa hapa: Mzee Andendekisye alikuwa baba mkwe wa Damari. Na kwetu Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anajifunika, anaingia hata migombani. Kwa hiyo siku hiyo Damari alijificha nyuma ya blanketi tulilotundika, akawa anatunong'onezea maneno.

Tulianza vizuri. Ilipofika zamu ya fisi, Saulo, mwenzetu aliyekuwa fisi, akachungulia, akaona makoti meusi ya wazee, akakaa chini akalia. Hatoki ng'o! Na mimi niko peke yangu mbele za watu, nangoja kukimbizwa. Basi Damari akavaa gunia la fisi, kichwa na vyote, akatoka kwa miguu minne. Jamani, yule mama! Alinusa viatu vya wazee, akaiba kofia ya mmoja, akachechemea nayo. Mzee Andendekisye alicheka mpaka akakohoa.

Halafu gunia likanasa kwenye msumari wa benchi. Likachanika, kichwa kikadondoka, na Damari akabaki amepiga magoti mbele ya baba mkwe wake, uso wazi.

Mama yangu akaziba mdomo kwa khanga. Damari hakuwa na kitu cha kujifunika wala pa kukimbilia. Nilimwonea huruma nikataka kulia, nikajua kikundi chetu kimekwisha.

Mzee akavua koti lake taratibu. Nikadhani atamtupia Damari ajifunike. Akajifunika mwenyewe, kichwa hadi kifuani.

"Haya, endeleeni," sauti ikatoka humo ndani. "Fisi amempata sungura, au bado?"

Tukaendelea. Mwaka uliofuata tulipanda lori la viazi tukaenda kucheza Iringa, na watoto wa huko walishangilia hadi sauti zikawakauka. Yote hayo ni Damari, na mwanamke jasiri kama yule sijamwona tena. Tangu siku ile fisi alikuwa yeye tu. Kila tulipocheza nyumbani, Mzee alifika mapema, akakaa benchi la mbele na koti mapajani. Fisi akitoka tu, analivuta kichwani, nasi tunamsikia anacheka humo ndani.