Upawa wa Pili

Siku timu ya raga ya Askerthwaite ilipofungwa sitini na mbili kwa nne, Noreen Mossop alifunua sufuria zake tatu kwa mpigo, mvuke ukamfunika uso, na ulipotawanyika akaona jambo lililomuuma kuliko zile pointi. Upande wa wageni meza ndefu ilikuwa imejaa: wanaume kumi na wanane, nywele mbichi, masikio mekundu, wanapaka siagi kwenye mikate na kusukumana viwiko. Upande wa wenyeji walikuwa watatu. Mmoja wao hata hakuwa amecheza, mguu wake ulikuwa kwenye plasta.

"Wengine wako wapi?" aliuliza kupitia dirisha la jikoni.

Wilf Postlethwaite, katibu wa klabu, mzee aliyevaa tai ya klabu hata akienda kununua maziwa, alijikuna kidevu. "Wanaoga."

"Saa nzima? Wamekuwa samaki?"

"Wametokea mlango wa nyuma, ule wa boila, Noreen. Wameshakwenda zao."

Ilikuwa Februari, na timu haikuwa imeshinda hata mechi moja tangu Septemba. Hilo Noreen alilimeza. Klabu hufungwa, kama vile watu huugua. Lakini katika pwani ile ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, raga ya watu kumi na watatu haiishi kipenga kinapolia. Wenyeji huwalisha wageni, kisha huketi nao. Mtu aliyekupasua mdomo saa tisa alasiri, saa kumi na moja unagombania naye chupa ya mchuzi. Chakula ni kilekile miaka yote, tatipoti: kondoo, vitunguu, soseji nyeusi ya damu, na juu yake viazi vilivyookwa mpaka vikaota ganda, pembeni kabichi nyekundu ya siki kwenye mtungi wa kioo. Noreen alikuwa amekipika miaka thelathini na mmoja. Alishapika wakati wa theluji, wakati wa mgomo, na Jumamosi moja baada ya kumzika mumewe Ike siku ya Jumatano. Ila hakuwahi kuona mgeni akiachwa ale peke yake.

"Kamati imekaa," Wilf alisema, akiangalia viatu vyake. "Mechi ya mwisho ya nyumbani, Aprili, tukiwa hivihivi, basi. Mwakani wageni watapewa sandwichi kwenye karatasi, wale njiani. Hatuwezi kuwaita watu mezani halafu tuwatoroke."

"Sandwichi," alisema Noreen, kama daktari anayetamka jina la ugonjwa.

Alikuwa na miaka sitini na sita. Alizaliwa katika safu ya nyumba zilizo juu ya mgodi wa makaa ya mawe, na alipotimiza kumi na mitano alipelekwa kwenye banda la kuchambulia makaa, mahali pa wanawake. Makaa yalipita mbele yao juu ya mkanda wa chuma, nao wakayachagua mawe, kama mtu achaguavyo mawe kwenye mchele, ila mchele huo ulikuwa mweusi na haukumsubiri mtu. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba sauti haikufaa kitu. Wanawake walisomana midomo, wakazungumza kwa uso mzima, nyusi zikifanya kazi ya ulimi. Noreen aliondoka pale baada ya miaka tisa, lakini uso ule aliondoka nao, na ulimi juu yake. Ulimi wake ulijulikana mpaka miji ya jirani. Kulikuwa na wachezaji wa timu nyingine waliotaka kuja Askerthwaite ili tu wasikie Noreen atawaambia nini vijana wake, na vijana wenyewe walikuja mezani shingo zimeinama, wanacheka kabla hajafungua mdomo.

Basi aliipeleka ile habari ya mlango wa boila nyumbani, akailaza kitandani pamoja naye wiki nzima. Wana aibu mbele ya wageni, alijiambia. Jumamosi iliyofuata ya mechi ya nyumbani akawapikia zaidi. Walikuja wanne.

Machi, jua la kwanza lilipotoka, alivaa koti akaenda kumtafuta Dougie Branthwaite, nahodha wa timu, jitu la miaka thelathini na mbili ambalo kazi yake ilikuwa kuezeka mapaa kwa vigae vya mawe. Alimkuta juu ya paa la kanisa la Wamethodisti, nyundo mkononi. Noreen alisogea hadi kwenye ngazi, akaishika kwa mikono miwili.

"Branthwaite! Shuka tuzungumze."

Dougie alichungulia. "Niko kazini, Shangazi."

"Nami pia. Shuka, au naiondoa hii ngazi uhubiriwe hukohuko juu mpaka Pasaka."

"Huiwezi. Ni nzito."

"Nimebeba mabeseni ya makaa kabla baba yako hajajua kujifuta pua."

Dougie hakushuka, lakini alikaa kitako juu ya vigae, miguu ikining'inia, kama mtu aliyejua siku hii itafika.

"Kwa nini mnanikimbia?" Noreen aliuliza. "Mnawaonea haya wageni? Wale wa Kelbarrow walikaa misimu miwili bila kushinda. Walikuja wakala. Wakaomba na cha kubeba."

"Si wageni."

"Ni nani basi?"

Dougie aliigeuza nyundo mkononi. Upepo wa baharini ulikuwa ukimpiga ubavuni. "Mwaka tuliochukua kombe," alisema hatimaye, "nilifunga trai ya mwisho. Unakumbuka uliniambia nini?"

"Nilikuambia unakimbia kama kabati linaloshushwa ngazini."

"Kabati linaloshushwa ngazini, tena upande mmoja limeshikwa na mlevi. Nilimsimulia mke wangu. Nikawasimulia wa kazini. Mpaka leo kuna watu mjini wananiita Kabati." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Mwaka huu unaniambia nini?"

Noreen alifikiri. "Nakuambia ule."

"Unaniambia, 'Kula, mwanangu. Pole. Mmejitahidi.' Halafu unaniwekea upawa wa pili. Kila mtu anawekewa upawa wa pili. Shangazi, ndivyo watu wanavyoongea msibani. Nikifungwa pointi sitini, naweza kulala. Nikiwekewa ule upawa wa pili, silali."

Noreen aliiachia ngazi.

Ziko nchi ambako mtu akijikwaa asipoambiwa pole atajiona hana ndugu. Askerthwaite si mojawapo. Na Noreen, aliyezaliwa humo, alijua hilo tangu utoto, ndiyo maana njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akijishangaa. Alikumbuka ilivyoanza. Oktoba, baada ya kufungwa mara ya tano, Dougie alikuja dirishani na sahani, nyusi yake imeshonwa nyuzi sita, na Noreen alikuwa tayari ameshalikamata neno la kumchoma. Akamtazama. Akaona amefanana na Ike ule mwaka mgodi ulipofungwa, anakaa jikoni amevaa buti zake za kazi bila pa kwenda. Neno likamfia kooni, huruma ikakaa mahali pake. Aliiona huruma hiyo kuwa ni zawadi.

Jioni ile, akimenya viazi, akakumbuka na jambo la mbali zaidi. Siku yake ya kwanza kwenye banda la makaa, mwanamke mmoja mzee, mikono imejaa makovu ya bluu, aliitazama mikono ya Noreen akamwambia kwa midomo, "Laini kama ya padri. Umekuja kuyachambua au kuyabariki?" Wote wakaangua kicheko, naye akalia chooni. Wiki hiyohiyo aliingia msichana mwingine, mwembamba, mwenye kikohozi. Huyo hakutaniwa na mtu. Wanawake walimwita mpenzi, wakampa chai, wakamwachia nafasi karibu na jiko. Noreen alimwonea wivu. Ilimchukua majuma mawili kuelewa: walikuwa wameshakubaliana kwamba yule hatadumu, na kabla ya mwezi kwisha kweli hakuwepo. Kwao, waliotukanwa ni wale waliokusudiwa kubaki.

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Tangu Oktoba alikuwa akiwapa chai karibu na jiko.

Kujua kosa ni jambo moja. Kumtania mshindi ni rahisi, maneno humteleza kama maji mgongoni mwa bata, lakini aliyeshindwa ana vidonda, na hujui kipi ni kibichi. Majuma matatu Noreen alitunga maneno akayafuta. Alijaribu moja mbele ya kioo, likatoka kali hata likamtisha mwenyewe. Akilikosea, mlango wa boila utapitwa kwa mara ya mwisho, na Wilf ataandika sandwichi kwenye daftari la kamati.

Mechi ya mwisho ya nyumbani walikuja Kelbarrow, walioongoza ligi. Ilinyesha. Noreen, ambaye kwa kawaida huonja mchezo kupitia kelele tu, safari hii aliziacha sufuria kwenye oveni akasimama chini ya mwavuli kando ya uwanja dakika zote themanini, akiwatazama mmoja mmoja, kama alivyotazama mkanda zamani. Askerthwaite walicheza kwa moyo wakafungwa thelathini na nne kwa kumi na nane.

Alipita jikoni akachukua upawa, akaenda kusimama kwenye ujia, kando ya mlango wa boila. Mlango aliuacha wazi. Hakutaka kumlisha mtu aliyefungiwa.

Dougie alitoka wa kwanza, begi begani, wengine nyuma yake. Walipomwona wakasimama.

"Branthwaite," alisema, "nimeona mawe ya kaburi yakigeuka upesi kuliko wewe."

Bombani maji yalidondoka tone moja, kisha jingine.

"Na wewe Litt, usijifiche nyuma yake, ingawa nafasi ipo ya kutosha." Litt alikuwa beki wa mwisho, mrefu, mwembamba. "Mpira umekujia mikononi mara mbili. Umeupokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani aliyejikojolea."

Huko nyuma mtu alikohoa, au hakikuwa kikohozi.

"Kitchin. Yule winga wao kakupita mara nne. Ile ya nne nilidhani mtasimama mjuliane hali."

Kitchin, winga, aliiva uso mpaka shingoni. Alilivuta begi lake, akapita mbele ya Noreen bila kumtazama, akatoka kwa ule mlango ulio wazi kwenye mvua.

Upawa ukawa mzito. Nimekosea, alijiambia Noreen. Nimekigusa kilicho kibichi. Alitaka kusema pole, neno likawa limeshafika mdomoni.

Dougie alinusa hewani. "Shangazi," alisema taratibu, "hiyo ni harufu ya viazi vinavyoungua, au umetupikia buti za marehemu Ike?"

Tangu Oktoba hakuna aliyekuwa ameusema vibaya mkono wake jikoni. Wote walikuwa wakishukuru, wakishukuru, na yeye hakuwa amejua kwamba shukrani zile zilikuwa zikimzeesha.

"Buti za Ike zina kasi kukushinda wewe," alisema, "na ziko kabatini."

"Kabati mwenyewe nimesimama hapa," alisema Dougie, na ujia mzima ukacheka, kicheko kigumu cha watu waliokuwa hawajakitumia muda mrefu. Kisha wakageuka, wakaingia ukumbini.

Aliwahesabu kutoka dirishani: kumi na mmoja. Waliketi wakitazamana na Kelbarrow, na Noreen akapakua. Dougie alipofika aliacha sahani yake imenyooshwa.

"Mmoja tu?"

"Wa pili ni wa washindi."

"Basi uniwekee. Nitaufuata mwakani."

Wilf alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, akihesabu vichwa naye. Noreen hakumtazama. Aliutazama mlango. Alishawapakulia wote na sufuria ya tatu imebaki ganda tu, ulipofunguka, akaingia Kitchin, koti mwilini, maji yanamchuruzika puani. Hakuja dirishani. Alisimama mwisho wa meza, mbele ya watu wote.

"Mara tatu," alisema.

"Nini?" Noreen aliuliza.

"Kanipita mara tatu. Ile ya nne kapitia ndani, upande wa katikati. Yule alikuwa wa Litt."

"Wangu?" Litt aliruka na kijiko mkononi. "Mimi nilikuwa huku!"

"Huku wapi? Onyesha!"

Wakaupanga uwanja mezani: chumvi ikawa Kitchin. Chupa ya mchuzi ikawa winga wa Kelbarrow, ambaye mwenyewe alikuwa ameketi palepale na alishikilia kwamba chupa imewekwa mbali mno. Dougie akawa pilipili, akalalamika. Mtungi wa kabichi ukasukumwa hadi katikati ya meza kuwa Litt, na watu ishirini na zaidi wakasimama kuuzunguka, wakipaza sauti, Kitchin akiwa amevua koti bila kujua amelitupia nani.

Noreen alikwangua ganda la sufuria, akajaza sahani ya Kitchin, upawa mmoja, akaitoa dirishani.

"Samahani," alisema nahodha wa Kelbarrow, akinyoosha mkono juu ya fujo ile, "naomba hiyo kabichi."

"Subiri," alisema Dougie. "Huyo ni Litt."

"Mpe tu," alisema Noreen. "Leo hajamzuia mtu."