Mdeki Wangu na Tangi la Maji

Leo nacheka, lakini siku ile niliiomba ardhi ya Ibra, huku Omani, ipasuke inimeze mimi na bunduki yangu, na bora nikuhadithieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu watakaotia chumvi: mimi, fundi wa vyuma tangu ujana wangu, niliwarowesha wakwe zangu chapachapa, nyumbani kwangu, siku ya nikaha ya binti yangu wa pekee.

Nianze na bunduki yenyewe. Marehemu baba alikuwa akitusimulia gobore la Kiingereza lililotundikwa ukutani kwa babu yake Unguja, bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa, mtutu mnene hata dole gumba linaingia likacheza, na nilipostaafu nikasema nitalitengeneza tena. Nikachukua kibali, mtutu nikauagiza, na mengine yote nikayafanya kwa mikono hii: kitako nimekichonga mwenyewe kwa mti wa jozi, mtambo nimeupiga tupa mpaka ukawa unalia kwa sauti moja tamu, na mdeki (ule ufito wa kushindilia baruti mtutuni) nimeuchonga kwa mkunazi wa hapahapa, mnyoofu, ukiutazama unaona raha. Mke wangu Zuwena akaniuliza Ibra kuna tembo gani. Nikamwambia bunduki haiulizwi tembo, huulizwa aliyeitengeneza. (Maneno ninayo, alhamdulillahi, na ndiyo yaliyoniponza.)

Sasa, binti yangu Thuwaiba kaposwa na Saif, kijana waliyesoma naye Nizwa, watu wake wa milimani, Dima wa Tayyin, na huko bunduki mtoto anaijua kabla hajaota meno. Babu yake Saif, Sheikh Khalfan, ndiye mwenye neno katika ukoo wao. Akisema ndiyo ni ndiyo, akinuna harusi imekwisha. Na habari zilikuwa zimenifikia kwamba amesema sisi wa Zanzibar ni watu wazuri, wapishi wazuri, wasemaji wazuri, lakini bunduki tumeziona kwenye picha. Thuwaiba akanijia asubuhi ile akanishika mkono, akaniambia, "Baba, mie namtaka Saif. Nakuomba leo usishindane na babu yake."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake si mtu wa kushindana. Kisha nikenda zangu uani kuishindilia bunduki, maana nilikusudia kuwapokea kwa mlio, kama wanavyopokeana wenyewe huko kwao.

Baruti tupu, wala hamna risasi, ni ya furaha tu. Nimeshaimimina, nimeshatia kitambaa juu yake, mdeki umo ndani nashindilia, mara nasikia magari mlangoni, wamewahi. Na nyinyi mnajua huku kwetu mgeni hapokewi mtu ana kitu mkononi. Nikaiegemeza bunduki pembeni, mdeki umo humohumo mtutuni, nikatoka. Hapo unapeana mkono na mmoja mmoja kwa safu, mwengine mnagusana pua, ukimaliza mnakaa mkao wa heshima mnaulizana habari, na kila mtu anajibu hakuna habari ila kheri (na wote tumbo limejaa habari), kisha tende, kisha kahawa, na kahawa inamiminwa mpaka mtu atikise kikombe kuwa amemaliza. Nilipoinuka kwenda kuichukua bunduki nilikuwa nimeshiba kahawa na sifa, na ule mdeki ulishanitoka kichwani kabisa.

Sheikh Khalfan akanifuata. Akaitazama bunduki kuanzia kitako kwenda juu, pole pole, macho yake hayaoni vyema tena, mzee wa watu, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha milimani, kwa adabu zote, "Umemaliza kushindilia, Abu Thuwaiba?"

Suali la maana kabisa. Ningelisema subiri nitazame, leo nisingekuwa na la kukuhadithieni. Lakini mimi nikaona mzee ananipima, nikaona ndiyo zile picha zake, nikamjibu mbele ya watu wote, "Sheikh, sisi tukianza kitu tunakimaliza."

Nikatia fataki ya kuwashia baruti, nikauelekeza mtutu juu ya paa la nyumba yangu, kwenye mbingu tupu, nikafyatua.

Mlio ule! Vioo vilitetemeka, moshi ukafunika ua mzima, na kwa muda mdogo nilikuwa mfalme. Halafu juu ya paa kikalia kishindo chengine, cha plastiki, na moshi ulipotawanyika maji yakaanza kushuka. Mdeki wangu umeingia upande mmoja wa tangi la maji la paani na kutokea upande wa pili, na tangi lenyewe nimelijaza asubuhi kwa ajili ya wageni, na chini ya tangi ndipo kwenye kivuli, na kwenye kivuli ndipo nilipowatandikia mikeka.

Nikakimbilia bilula ya kufungia maji, nikateleza kwenye mkeka, nikapiga teke dele la kahawa, nikakaa. Nilikaa juu ya sinia la halwa. Kanzu yangu nyeupe nyuma ikawa rangi ya zafarani, na watu wameinuka wote isipokuwa Sheikh Khalfan, ambaye alikuwa amesharudi kukaa, ndevu zinachuruzika. Nikainua macho nikamwona Thuwaiba dirishani. Hakuwa akilia, lakini uso ule sitaki kuuona tena. Niliumia, nakwambieni kweli, si kwa kanzu wala kwa tangi.

Basi aliyetangulia kupanda paani ni Saif. Akavua kilemba chake, akakisokota, akaziba tundu moja kwa mikono miwili. Kichwa wazi, siku ya nikaha yake, mbele ya wazee wake wote. Nikapanda nyuma yake na halwa yangu, nikavua changu nikaziba la pili. Tukabaki hivyo tumelikumbatia tangi, yeye upande ule, mimi upande huu, vichwa wazi sote wawili, na maji yamekatika.

Saif akanitazama, akasema taratibu, "Ammi, bunduki yako inapiga."

Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu ni mwanangu, awe na babu asiwe na babu.

Tulishuka naye, mdeki tumeuokota paani, mzima, hata ufa hauna (nilikwambieni mkunazi). Sheikh Khalfan akaunyooshea mkono, akautazama unyoofu wake, akausimamisha kama mkongojo, akainuka. Akasema, "Binti tunamchukua. Na mdeki tunauchukua. Bunduki kaa nayo."

Nikaha ikasomwa sote tumerowa, shekhe wa kuozesha akishika karatasi mbali na mwili wake isije ikachafuka.

Sasa Thuwaiba yuko Dima wa Tayyin, ana raha zake, na mdeki wangu umetundikwa kwenye baraza ya Sheikh Khalfan, juu ya bunduki zake zote. Mwengine sijachonga, na nimeapa sitaacha tena kazi nusu kwa salamu ya mtu yeyote, wala sitalijibu suali la mzee kabla sijatazama. Kila Iddi nikenda kuwaona, mzee huniacha nikae, ninywe kahawa, wageni wajae, ndipo aniulize kwa sauti, "Umemaliza, Abu Thuwaiba?" Nami huchungulia kikombe kwanza.