Blanketi la Rafiki Yake

Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri kwenye robot, taa za barabarani, pale Kensington, gari la mbele yangu likikokota trela ya farasi. Ndani alikuwemo mmoja tu. Akapiga teke bati, akalia mlio mrefu, kisha akanyamaza kusikiliza kama kuna atakayemjibu. Taa ikawaka kijani, nami nikabaki nimekaa palepale, watu wakinipigia honi. Ukiniuliza nilikuwa wapi, nitakwambia nilikuwa na miaka kumi na miwili, mgongoni mwa Mahoro, na baridi inanikata masikio.

Baba alikuwa mtunza farasi kwenye mabanda ya kusini mwa jiji, karibu na vilima vya mchanga wa migodi. Likizo ya Juni mama alikuwa kwenye cherehani yake Hillbrow na hakutaka nibaki peke yangu chumbani kwetu Bertrams, kwa hiyo kila alfajiri niliondoka na baba. Tulinunua magwinya, yale maandazi ya huku, ya moto kwenye kiduka cha spaza, nikayatia mfukoni yanipashe vidole. Tukifika, nyasi zilikuwa zimeganda nyeupe. Nilizoa kinyesi, nikavunja barafu kwenye ndoo za maji, na kazi ikiisha niliruhusiwa kupanda.

Mahoro ni amani kwa Kirundi. Baba ndiye aliyempa jina hilo, sijui alimtania nani, maana farasi jike yule hakuwa na amani hata chembe akitenganishwa na wenzake, hasa na dume mmoja mzee aliyekula naye hori moja. Mtoe getini peke yake uone: ataruka kando, atarudi kinyumenyume, atatoka jasho kwenye baridi ya kuua mtu. Mara mbili aligeuka na mimi njiani akarudi mbio, na mara ya pili akanibwaga kwenye seng'enge. Kovu ninalo, na bado nampenda.

Wiki moja mama mwenye mabanda akatuambia kwamba Jumamosi anakuja mzee mwenye shamba dogo, anatafuta farasi wa kupanda peke yake.

"Akimkataa Mahoro, Jumatatu anakwenda mnadani."

Sote tulijua wanunuzi wa mnada ule walikuwa wanatazama nyama.

Nililia siku nzima. Baba hakunibembeleza, alikuwa anawaza. Kwao alichunga ng'ombe kabla vita havijamtoa, na farasi wa watu aliwatunza kwa akili ileile ya ng'ombe. Jumamosi asubuhi akachukua blanketi la yule dume mzee, lisilofuliwa tangu baridi ianze, akalilaza mgongoni mwa Mahoro, kisha akaweka tandiko juu.

"Kwetu ndama ikikufa," akaniambia huku akikaza mkanda, "ng'ombe inawekewa ile ngozi ya ndama mbele. Inainusa, inatoa maziwa. Haya, nenda, mama. Usivutevute kamba, itajua unaogopa."

Itajua! Meno yangu yalikuwa yanagongana hadi mnunuzi aliyesimama getini alinitazama kwa huruma.

Njia ilikuwa kupita kwenye nyasi zilizoungua, kufika kwenye mikaratusi, kuizunguka na kurudi. Mahoro alikwenda akisitasita. Tulipofika mitini, dume mzee akamwita kutoka mabandani. Mahoro akasimama ghafla. Nilihisi mbavu zake zikijaa hewa kati ya miguu yangu, nikajua akijibu tu ataanza mbio, na akianza mbio amekwisha.

"Eish, Mahoro, plizi," nikasema. Kirundi chote kilikuwa kimenitoka.

Akageuza shingo, akaleta pua karibu na goti langu, akalinusa lile blanketi. Akalinusa tena, kwa muda mrefu. Kisha akatembea.

Tulirudi taratibu kama watu wanaotoka kanisani. Mnunuzi akampigapiga shingoni, akasema anamchukua leo hii. Baba akanigongea ngumi: "Sharp, mama!" Nilikuwa na furaha ya kupasuka.

Wakamvua tandiko. Mzee yule, muungwana kabisa, akalikunja blanketi vizuri, kona kwa kona, akaniwekea mikononi.

"Hili ni lenu," akasema.

Ilitosha kumwambia: lichukue, mzee, ni lake. Lakini niliogopa angeuliza kwa nini, na akishajua kwa nini, Jumatatu ni mnada. Nilimtazama baba, baba akatazama viatu vyake. Nikasema asante.

Mahoro alilia hadi barabara kuu, mwenzake akimjibu. Sauti yake ilipopotea, dume mzee aliendelea kuita hadi jioni.

Mabanda hayapo tena. Pamejengwa nyumba zinazofanana, na ukuta wenye waya wa umeme. Baba amezeeka, na habari za Mahoro hazitaji. Mara moja tu nilimuuliza kama ng'ombe wao hawakujua kwamba ile ni ngozi tupu.

"Walijua," alisema. "Walitaka tu kitu cha kunusa."

Nami kitu hicho nilikuwa nacho mikononi siku ile, nikasema asante nikabaki nacho.