Okoko na Kidole cha Madam

Watu wa ofisini nimewazuia wasione hii. Tafadhali msiisambaze.

Leo Madam, bosi wangu, alikuja na wenzangu kuona nyumba niliyopanga hapa Homa Bay.

Akasimama mbele ya tangi langu la kioo.

"Yawa! Karani anafuga maji!"

Wote wakacheka.

Nikaeleza kwa upole kwamba ndani mna okoko. Ni samaki mwenye haya. Mchana hujificha chini ya kigae cha chungu, hutoka gizani tu. Nilimchagua kwa wavuvi kwa sababu alikuwa amejibanza chini ya wenzake wote. (Nilimwelewa.)

"Huku kwetu samaki hufugwa kwa sufuria," Madam akasema, akakunja mkono wa blauzi na kuinua kigae.

Mimi nilijua okoko akiogopa husimamisha miiba. Lakini Madam hakatizwi.

Alipomkamata, mwiba ukamwingia kidoleni. Akapiga mayowe, akamtupa samaki sakafuni.

Okoko hulia akitolewa majini. Ni sauti ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta.

Nilikuwa nimepiga magoti namfunga Madam kidole. Okoko alikuwa karibu na goti langu, ningeweza kumfikia. Lakini barua yangu ya kuajiriwa bado haijatiwa saini, na mkono uliochomwa ndio ule wa kutia saini.

Nilipofunga fundo la mwisho, kilio kilikuwa kimekwisha.

"Sasa, karani, nyanya ziko?" Madam akauliza.

Msiniambie mngefanya nini.

Nilikata tatu, nyembamba, kama anavyopenda.